Kibarua cha Dylan Kerr: namna ya kuusoma wasifu wa kocha aliyepita kila mahali

Jioni ya tarehe 10 Mei 2023, Yanga ilipoikaribisha Marumo Gallants ya Afrika Kusini katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa mchezo wa kwanza wa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwenye benchi la wageni alikuwapo mtu ambaye hakuhitaji kuelekezwa njia ya kwenda vyumba vya kubadilishia nguo. Dylan Kerr, Mwingereza aliyezaliwa Malta mwaka 1967, aliwahi kuutumia uwanja huohuo ulipokuwa ukiitwa Uwanja wa Taifa, akiwa kocha mkuu wa Simba. Yeye ndiye aliyekuwa kocha wa Gor Mahia ya Kenya mwaka 2018 ilipoifunga Yanga mabao 4-0 kule Kasarani, kisha ikaifuata Dar es Salaam na kuifunga tena 3-2. Safari hii deni lililipwa. Yanga ilishinda 2-0 kwa mabao ya Stephane Aziz Ki na Bernard Morrison, na wiki moja baadaye ikashinda 2-1 mjini Rustenburg. Siku chache baada ya hapo Marumo Gallants, iliyokuwa miongoni mwa timu nne za mwisho katika mashindano hayo ya bara zima, ilishuka daraja katika ligi ya nchini kwake.

Shabiki anayetaka jibu la haraka atauliza kama kocha wa namna hiyo ni mzuri au mbaya, na ataweza kupata ushahidi wa kutosha kwa jibu lolote kati ya hayo mawili. Ametwaa ubingwa wa Kenya, ametwaa kombe Afrika Kusini, amefukuzwa, amenusuru timu na ameshuka na timu. Kwa maoni yangu swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Wasifu wa mtu aliyepitia klabu nyingi kiasi hicho hauwezi kusomwa kama ripoti ya shule, ambamo kila muhula una alama yake na mwishoni mtu anajumlisha. Yapo mambo yaliyompeleka na kumwondoa ambayo hayakutokana na mbinu zake za uwanjani, na ili kuyaona ni lazima kuanza na siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa beki wa kushoto.

Waingereza wana neno lao kwa mchezaji wa aina hii, journeyman, neno lililotokana na mafundi wa zamani: fundi aliyekwisha kufuzu, mwenye mikono inayojua kazi, lakini asiye na karakana yake mwenyewe, ambaye hufanya kazi kwa wengine na kulipwa kwa siku. Sisi tuna neno linalokaribiana nalo sana, na magazeti yetu ya michezo hulitumia kila wiki bila kulifikiria. Kibarua ilikuwa kwanza barua ndogo, kikaratasi anachopewa mtu kuthibitisha kazi yake ya siku; baadaye likawa jina la kazi yenyewe na la mtu anayeifanya. Tunaposema kibarua cha kocha fulani kimeota nyasi, tunamweka mahali pake halisi katika uchumi wa soka pengine kwa usahihi zaidi kuliko tunavyokusudia.

Soka ya kulipwa ya England ina madaraja manne yenye klabu 92, na kila klabu huhitaji wachezaji ishirini na zaidi ili kumaliza msimu ingawa wanaoanza mchezo ni kumi na mmoja tu. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuzaa tabaka kubwa la wachezaji ambao ni wazuri mno kuachwa na si wazuri kiasi cha kutegemewa. Kerr alikuwa wa tabaka hilo. Alianzia Sheffield Wednesday, akaenda Afrika Kusini kuichezea Arcadia Shepherds ya Pretoria, kisha mwaka 1989 akasajiliwa na Leeds United. Ile hatua ya Afrika Kusini inastahili neno moja, kwa sababu wakati huo nchi hiyo ilikuwa nje ya FIFA kutokana na ubaguzi wa rangi, iliyofukuzwa mwaka 1976 na kurudishwa mwaka 1992, na hata hivyo ligi yake iliendelea kupokea wachezaji kutoka Uingereza waliokosa nafasi nyumbani kwao.

Leeds ilikuwa mahali pazuri pa kuwapo na mahali pagumu pa kucheza. Chini ya Howard Wilkinson timu ilitwaa ubingwa wa Daraja la Pili mwaka 1990 na ikapanda, na mwaka 1992 ikawa bingwa wa England, wa mwisho kabla ya kuanzishwa kwa Ligi Kuu ya sasa. Timu inayopanda kwa kasi hiyo hununua, na mwaka 1991 Leeds ilimnunua Tony Dorigo kutoka Chelsea, beki wa kushoto wa timu ya taifa ya England. Mtu anayecheza nafasi hiyohiyo hahitaji kuelezwa maana ya usajili wa aina hiyo. Kerr alipelekwa kwa mkopo Doncaster Rovers na Blackpool, klabu za madaraja ya chini, huku waajiri wake wakielekea kwenye ubingwa. Klabu humtoa mchezaji kwa mkopo ili miguu yake isipoe na mshahara wake upate mchangiaji. Mchezaji hukubali kwa sababu anataka kuonekana na mnunuzi mwingine. Wote wawili hunufaika kidogo, na kila mmoja anajua maana yake.

Mnunuzi alipatikana mwaka 1993. Reading, iliyokuwa daraja la tatu chini ya Mark McGhee, ilimchukua Kerr, na mwishoni mwa msimu wake wa kwanza ikapanda ikiwa bingwa. Msimu uliofuata, wa 1994/95, ndio ninaopenda kuutaja kila ninapotaka kueleza jinsi bahati ya mwanasoka inavyoweza kuamuliwa ofisini. Reading ilimaliza nafasi ya pili katika daraja lililo chini ya Ligi Kuu. Kwa kawaida mshindi wa pili hupanda moja kwa moja. Mwaka huo, hata hivyo, Ligi Kuu ilikuwa ikipunguzwa kutoka timu 22 hadi 20, hivyo bingwa pekee, Middlesbrough, ndiye aliyepanda moja kwa moja, na Reading ikalazimika kuingia kwenye mechi za mchujo pamoja na timu zilizokuwa nyuma yake. Kwenye fainali Wembley iliongoza 2-0 dhidi ya Bolton, ikapata penalti, ikaikosa, Bolton ikasawazisha na hatimaye ikashinda 4-3 katika muda wa nyongeza. McGhee mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka katikati ya msimu kwenda Leicester, na wachezaji wawili, Mick Gooding na Jimmy Quinn, walikuwa wakiiongoza timu huku wakiendelea kucheza. Msimu mmoja kabla au msimu mmoja baadaye, nafasi ya pili ingewaingiza kikosi kizima cha Reading, Kerr akiwamo, katika Ligi Kuu, na wasifu wa kila mmoja wao leo ungekuwa na mstari mwingine kabisa.

Mwaka 1996, baada ya kupita Carlisle kwa muda mfupi, alihamia Kilmarnock ya Scotland. Huko alipata medali kubwa kuliko zote alizopata akiwa mchezaji: tarehe 24 Mei 1997, katika uwanja wa Ibrox, Kilmarnock iliifunga Falkirk 1-0 kwa bao la Paul Wright na kutwaa Kombe la Scotland, Kerr akiwa kikosini. Kocha wa Kilmarnock aliitwa Bobby Williamson. Msomaji wa Kampala na wa Nairobi amekwisha kulishtukia jina hilo, kwa sababu ndiye huyo aliyeifundisha Uganda Cranes kuanzia mwaka 2008, akaja Gor Mahia mwaka 2013, mwaka ambao klabu hiyo ilipata ubingwa wake wa kwanza tangu 1995, na kisha akakabidhiwa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Sisemi kwamba Williamson ndiye aliyemfungulia Kerr mlango wa Afrika Mashariki. Nasema tu kwamba soko la makocha hawa ni dogo kuliko linavyoonekana kutoka nje. Wanajuana, wanajua nani anahitaji mtu na mshahara wake uko wapi, na klabu zetu nazo zina kumbukumbu za majina.

Baada ya Kilmarnock zilifuata klabu ndogo kadhaa, Kidderminster Harriers na Hamilton Academical zikiwamo, kama inavyokuwa kwa beki anayeikaribia miaka thelathini na mitano. Kisha ukaja ukocha, ulioanza kwa kazi za usaidizi, Afrika Kusini na Vietnam miongoni mwa nyingine, hadi Julai 2015 alipotua Msimbazi akiwa kocha mkuu.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana miezi sita ya Kerr pale Simba hueleweka vibaya ikitazamwa peke yake. Simba ilikuwa haijatwaa ubingwa wa Tanzania Bara tangu msimu wa 2011/12, na haikuupata tena hadi 2017/18. Katika kipindi hicho cha ukame walipita Patrick Liewig, Abdallah Kibadeni, Zdravko Logarusic aliyekuwa ametokea Gor Mahia, Patrick Phiri, Goran Kopunovic, Kerr, Jackson Mayanja na Joseph Omog. Mfaransa, Mtanzania, Mkroatia, Mzambia, Mserbia, Mwingereza, Mganda na Mkameruni. Ukiona watu wanane wa mataifa manane na malezi tofauti wakishindwa kazi ileile, ni vigumu kuendelea kuamini kwamba maelezo yote yako kwenye ubao wa mbinu wa mmoja wao.

Klabu kubwa yenye wanachama na matawi haiwezi kuwafukuza wachezaji ishirini na tano katikati ya msimu, wala viongozi hawajifukuzi wenyewe. Anayeweza kuondolewa kwa barua moja, kwa gharama inayohesabika, na kwa namna itakayowatuliza watu mtaani kwa wiki mbili tatu, ni kocha. Kerr alipoteza mechi ya watani wa jadi kwa 2-0 mwezi Septemba 2015, na hilo peke yake tayari ni deni. Januari 2016 Simba ilikwenda Zanzibar kutetea Kombe la Mapinduzi, ikatolewa na Mtibwa Sugar katika nusu fainali, na kibarua kikaota nyasi. Kombe hilo huchezwa siku chache, katikati ya msimu, na halina uhusiano wowote na msimamo wa ligi. Lakini linakuja mwanzoni mwa mwaka, wakati viongozi wanapima kama msimu bado unaokoleka, kwa hiyo limewahi kuwa mizani ya makocha zaidi ya uzito wake wa kimichezo.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Julai 2017, Gor Mahia ilikuwa imeachwa na Mbrazili Ze Maria katikati ya msimu, nayo ikamwita Kerr. Ikawa bingwa mwaka huo, na ikawa bingwa tena mwaka 2018. Je, huyu alikuwa kocha tofauti na yule wa Msimbazi? Ninavyoona, tofauti kubwa ilikuwa katika alichokikuta. Gor ilikuwa imejengwa kwa miaka kadhaa. Chini ya Frank Nuttall ilimaliza ligi ya 2015 bila kupoteza hata mchezo mmoja, na mbele ilikuwa na Wanyarwanda wawili, Jacques Tuyisenge na Meddie Kagere, ambao beki yeyote wa ukanda huu aliwaogopa. Sifa ya Kerr, na si sifa ndogo, ni kwamba hakuivuruga. Kocha anayeingia kwenye timu inayoshinda hushawishika kuacha alama yake kwa kubadili kila kitu, na makocha wenye majina makubwa kuliko lake wamewahi kuharibu nyumba kwa njia hiyo. Mtu aliyewahi kukaa nyuma ya Dorigo pengine anaelewa zaidi kwamba si kila kitu kinamhusu yeye.

Mwaka 2018 unaonyesha pia upande wa pili. Gor iliingia Ligi ya Mabingwa Afrika, ikatoka sare ya 0-0 na Esperance nyumbani na kufungwa 1-0 Tunis, ikaangukia Kombe la Shirikisho, ikaitoa SuperSport United ya Pretoria kwa faida ya bao la ugenini na kufika hatua ya makundi pamoja na USM Alger, Rayon Sports na Yanga. Wakati huohuo ilikuwa na ligi ya nyumbani. Mwezi Mei ilicheza na Hull City ya England Kasarani, ikatoka sare ya 0-0 na kushindwa kwa penalti. Mwezi Juni ilishiriki SportPesa Super Cup mjini Nakuru, na fainali yake, katika uwanja wa Afraha, iliikutanisha na Simba. Kagere alifunga, Tuyisenge akaongeza, ikawa 2-0, na zawadi ilikuwa safari ya Liverpool kucheza na Everton.

Fainali hiyo ina jambo moja ambalo matokeo hayalionyeshi. Simba ilipokuwa ikifungwa ilikuwa pia ikitazama, na wiki chache baadaye Kagere alikuwa amevaa jezi nyekundu. Msimu wake wa kwanza Tanzania aliibuka mfungaji bora. Gor iliendelea na makundi bila yeye, iliifunga Yanga mara mbili, kisha mwezi Agosti ikafungwa 2-1 na Rayon Sports Nairobi na 2-1 na USM Alger ugenini, na zikapita hizo mbili. Kocha aliyeshinda kombe akampoteza mshambuliaji kwa sababu ya kombe lenyewe, na miezi miwili baadaye akaulizwa kwa nini timu haifungi. Ndivyo klabu zisizo na fedha zinavyolipia mafanikio yao. Gor ilipofika Goodison Park mwezi Novemba na kufungwa 4-0, Kerr alikuwa bado kocha wake, lakini siku zake pale zilikuwa zinaisha.

Mwishoni mwa mwaka huo Kerr alirudi Afrika Kusini, kwenye Black Leopards. Kuanzia hapo ramani yake inakuwa ndogo ajabu kwa mtu aliyezoea kuvuka mabahari: Black Leopards, Baroka na TTM (Tshakhuma Tsha Madzivhandila), zote za mkoa wa Limpopo, klabu zinazopigania kubaki ligi kuu kila mwaka na zinazobadilisha makocha kama mtu anavyobadilisha betri ya redio. Klabu za namna hiyo hazitafuti mjenzi. Zinatafuta mtu aliye huru, anayeijua ligi, asiyehitaji wiki sita za kuzoea hali ya hewa wala kelele za mmiliki, na asiyeogopa mkataba wa miezi michache. Ukisoma sifa hizo utaona zinamwelezea beki wa akiba wa Leeds neno kwa neno.

Mei 2021 TTM iliifunga Chippa United 1-0 na kutwaa Kombe la Nedbank, huku ikiwa katika msimu wa vurugu tupu: ilikuwa imenunua nafasi ya Bidvest Wits katika ligi kuu mwaka 2020, na baada ya kubadili mmiliki ikaanza msimu uliofuata kwa jina la Marumo Gallants. Kombe hilo lilikuja kwa sababu ambazo hesabu inaweza kuzieleza kwa kiasi. Tangu hatua ya timu 32 bora, bingwa anahitaji kushinda mechi tano. Ligi ya timu 16 ina mechi 30. Kikosi chembamba chenye wachezaji kumi na mmoja au kumi na wawili wa kuaminika kinaweza kujikusanya kwa mechi tano zilizotawanyika miezi kadhaa, kikapumzisha nyota wake, kikajipanga kuzuia na kusubiri kosa. Katika mechi thelathini huwezi kujificha. Majeruhi, kadi na mishahara iliyochelewa vitakufikia tu.

Mwaka 2022 alikuwa Moroka Swallows, akaiokoa kupitia mechi za mchujo baada ya kumaliza nafasi ya pili kutoka mkiani. Na hatimaye, msimu wa 2022/23 ukiwa umefika katikati, akarudi Marumo Gallants, na hapo ndipo tunapofika tena usiku ule wa Dar es Salaam.

Gallants ilicheza mechi sita za makundi, ikasafiri Libya kwa Al Akhdar, Algeria kwa USM Alger na Lubumbashi kwa Saint-Eloi Lupopo, ikaongoza kundi mbele ya hao USM Alger ambao baadaye waliifunga Yanga kwenye fainali kwa faida ya bao la ugenini. Robo fainali iliitoa Pyramids ya Misri. Jumla, tangu makundi hadi Rustenburg, ni mechi kumi za bara zilizoingizwa ndani ya ratiba ya timu iliyokuwa tayari mkiani, zikifuatiwa kila mara na safari ndefu na mchezo wa ligi siku tatu au nne baadaye. Zaidi ya hayo, mashindano ya bara yaliipa timu hiyo kitu ambacho ligi haikuipa: wapinzani wasioifahamu. Kule nyumbani kila kocha alijua udhaifu wake. Kwa hiyo nusu fainali na kushuka daraja havikuwa miujiza miwili inayopingana. Kila kimoja kilimlisha mwenzake, na sidhani kama yupo kocha ambaye angevipata vyote viwili salama kwa kikosi kile, ingawa wapo ambao wangechagua mapema kimoja na kukiacha kingine. Hilo ndilo kosa ninaloweza kumhesabia Kerr bila kusita, kama kweli uchaguzi huo uliachwa mikononi mwake.

Gallants hawakukaa chini muda mrefu. Mwaka 2024 mmiliki wake alinunua nafasi ya ligi kuu ya Moroka Swallows, ileile ambayo Kerr aliinusuru kwenye mchujo miaka miwili nyuma, na timu ikahamishiwa Bloemfontein.